Kizunguzungu unapoinuka: kipimo cha kufanya, vyanzo na namna ya kukidhibiti

Mtu anainuka kitandani alfajiri, au anatoka kuchuchumaa chooni, na papo hapo giza linatanda machoni, masikio yanavuma na magoti yanalegea. Akiketi tena, hali inapita. Anakwenda zahanati, anakalishwa kwenye kiti, anapimwa presha na kuambiwa ni 122 kwa 78, iko sawa, akanywe maji mengi. Kipimo hakikukosewa, ila kimefanyika katika mkao usiofaa. Presha inayoshuka mtu anaposimama huwezi kuiona akiwa ameketi. Lazima apimwe amelala, kisha apimwe amesimama, na mara zote mapigo ya moyo yaandikwe pembeni ya presha. Namba hizo ndizo zinazoonyesha uanzie wapi, kwa sababu vyanzo ni vingi na tiba ya kimoja yaweza kumdhuru mwenye kingine. Chumvi inayomfaa aliyepungukiwa maji inaweza kumjaza maji mapafuni mwenye moyo dhaifu.

Kinachotokea mwilini

Ukisimama, kiasi cha mililita 500 hadi 800 za damu huteremkia miguuni na kwenye mishipa ya tumboni. Damu inayorudi kwenye moyo inapungua na presha inaanza kushuka. Kwenye kuta za mishipa mikubwa ya shingoni na ile iliyo juu ya moyo kuna vihisio vinavyogundua mshuko huo mara moja. Ubongo ukipata taarifa, huamuru mishipa ya damu ibane na moyo uongeze kasi. Kazi yote huchukua sekunde chache, nawe huhisi chochote.

Ikishindikana, kosa liko katika moja ya sehemu nne: damu au maji ya mwili hayatoshi, mishipa imezuiwa kubana, mara nyingi na dawa, joto au pombe, mishipa ya fahamu inayopeleka amri imeharibika, au moyo wenyewe hauwezi kuitikia. Mtu mzee anaweza kuwa na mbili au tatu kwa pamoja, na hilo ndilo linalofanya tatizo lake lionekane halina dawa.

Usianze na kipimo kama kuna dalili hizi

Nenda hospitali leo hii, usisubiri kliniki ya wiki ijayo, ikiwa kizunguzungu kimeambatana na lolote kati ya haya:

- choo cheusi kama lami, chenye kunata na harufu kali, au kutapika damu;
- mwanamke aliyekosa hedhi, mwenye maumivu ya tumbo la chini, hasa upande mmoja. Mimba iliyotunga nje ya kizazi huweza kuvuja damu tumboni bila tone kuonekana nje;
- kuzirai wakati wa kukimbia, kubeba mzigo au kufanya kazi nzito, au kuzirai bila onyo lolote, hasa kama kuna ndugu wa damu aliyekufa ghafla akiwa kijana;
- maumivu ya kifua, kubanwa pumzi, moyo kwenda mbio bila mpangilio;
- mdomo kupinda, mkono au mguu mmoja kupoteza nguvu, maneno kutotoka vizuri;
- kuharisha au kutapika kiasi cha kushindwa kunywa, au kukaa saa 8 bila kukojoa;
- kuanguka na kujigonga kichwa, hasa kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Hakikisha ni presha na si kitu kingine

Muulize mgonjwa swali moja: inakuja pia unapolala au kujigeuza kitandani? Akijibu ndiyo, tena akisema chumba kinazunguka kwa sekunde kadhaa halafu kinatulia, acha habari za presha. Hilo ni tatizo la sikio la ndani. Chembe ndogo za chokaa zimehama mahali pake, na kila kichwa kinapogeuka zinaleta hisia ya kuzunguka. Mtu huyo hupata kizunguzungu hata akitazama juu kuchukua kitu kabatini. Tiba yake ni kugeuzwa kichwa kwa mpangilio maalumu na mtaalamu anayeujua, na wengi hupata nafuu siku hiyo hiyo. Maji na chumvi havitamsaidia.

Swali la pili linamhusu mwenye kisukari anayechoma insulini au kumeza glibenclamide. Je, anatetemeka, anatokwa jasho jembamba na kuhisi njaa hata akiwa ameketi? Pima sukari. Ikiwa chini ya 70 mg/dl, yaani 3.9 kwa mashine zinazosoma mmol, mpe vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, kisha pima tena baada ya dakika 15.

Kizunguzungu cha presha kina tabia yake. Huja sekunde au dakika chache baada ya kuinuka, hupungua ukiketi, huisha ukilala. Huwa kibaya zaidi asubuhi, baada ya kuoga maji ya moto, baada ya mlo mzito na wakati wa joto. Kuna dalili moja ambayo wengi hawaihusishi nacho, nayo ni maumivu ya nyuma ya shingo na mabegani yanayoanza mtu akisimama na kutoweka akilala. Misuli ya hapo inalalamika kwa kukosa damu ya kutosha. Mgonjwa huishia kupakwa dawa za kuchua kwa miezi mingi.

Kipimo chenyewe

Kinaweza kufanyika nyumbani kwa mashine ya betri. Chagua ya kufunga mkono wa juu, si ya kifundo cha mkono, na mkanda uenee mkono bila kubana wala kulegea. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko ukweli.

1. Alale chali dakika 5 kamili, bila kuzungumza. Pima presha na mapigo, andika.
2. Asimame. Awepo mtu wa kumshika na kiti nyuma yake.
3. Pima tena akiwa amesimama kwa dakika 1, kisha dakika 3. Mkono uliofungwa mkanda uinuliwe na kuegemezwa usawa wa moyo. Ukining'inia chini, namba itapanda kwa uongo na mshuko utafichika.
4. Akihisi kuzirai kabla ya dakika 3, mlaze. Kipimo kimeshatoa jibu.

Asiyeweza kusimama apimwe amelala, kisha ameketi miguu ikiwa chini. Wakati mzuri ni asubuhi kabla ya dawa na chai, halafu rudia saa moja au mbili baada ya dawa. Siku moja haitoshi. Presha ya kusimama hubadilika sana, na mtu anaweza kupimwa mchana akaonekana mzima kabisa.

Mshuko wa 20 au zaidi kwenye namba ya juu, au 10 au zaidi kwenye namba ya chini, ndani ya dakika 3, ndio unaohesabika kuwa tatizo. Ila usiishie hapo. Tazama mapigo yamefanya nini.

Presha imeshuka na mapigo yamepanda sana, tuseme kutoka 76 hadi 104: mwili unajitahidi kufidia. Fikiria upungufu wa maji, kupoteza damu, au dawa inayolegeza mishipa.

Presha imeshuka lakini mapigo hayakusogea, kwa mfano 150 imekuwa 105 huku mapigo yakitoka 72 hadi 77: amri haifiki kwenye moyo. Chukua ongezeko la mapigo uligawanye kwa mshuko wa namba ya juu. Hapa ni 5 kwa 45, yaani 0.11. Jibu likiwa chini ya 0.5, shuku mishipa ya fahamu. Kwanza lakini hakikisha mgonjwa hatumii atenolol, propranolol, bisoprolol au carvedilol, kwa maana dawa hizo huzuia mapigo kupanda na zitakupoteza njia.

Presha haikushuka lakini mapigo yamepanda kwa 30 au zaidi (40 kwa wa miaka 12 hadi 19): tafuta upungufu wa damu, homa, ujauzito, maji kidogo mwilini, au tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Vyote vikikosekana na hali ikadumu zaidi ya miezi 3, kuna tatizo linaloitwa POTS, linalowapata zaidi wasichana na wanawake vijana, wakati mwingine baada ya ugonjwa wa virusi. Wengi wao hutibiwa kama wenye wasiwasi kwa muda mrefu.

Namba zote ziko sawa lakini mtu huona giza kila anapoinuka: uliza linakuja lini. Likija ndani ya sekunde 15 za kwanza na kwisha kabla ya nusu dakika, presha huporomoka na kupanda kabla mashine haijamaliza kujaza upepo. Hali hii ni ya kawaida kwa vijana warefu na wembamba wanaokua haraka, hasa wakiruka ghafla kutoka kitandani au kwenye kochi. Si ugonjwa. Dawa yake ni kuinuka kwa hatua na kunywa maji ya kutosha. Likija baada ya kusimama muda mrefu, foleni ya benki au mstarini shuleni, endelea kupima hadi dakika 10. Wapo ambao presha yao huanza kushuka baada ya dakika 3.

Maji yamepungua

Hiki ndicho chanzo cha haraka zaidi kukirekebisha. Kuharisha, kutapika, homa, kulima juani, kunywa pombe usiku uliotangulia, kufunga. Mkojo ni mchache na wa rangi ya chai, mdomo mkavu, mapigo yanapanda akisimama.

Aliyeharisha apewe ORS, unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji. Soma pakiti. Nyingi ni za lita 1, nyingine za nusu lita. Kosa linalorudiwa ni kumimina pakiti ya lita 1 kwenye chupa ya maji ya nusu lita. Mchanganyiko unakuwa mkali, unaongeza kiu na huweza kuzidisha kuharisha. Kosa la upande wa pili ni kuipunguzia nguvu ndani ya chupa ya lita 1.5. Kunywa angalau glasi moja ya mililita 200 kila baada ya kuharisha, na kidogokidogo kama kuna kutapika. Ikifika saa 24, mwaga uliobaki utengeneze mwingine. Pakiti ikikosekana: maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai. Si zaidi. Madafu ni mazuri kwa kiu lakini yana chumvi kidogo mno kushika nafasi ya ORS, na soda ina sukari nyingi inayoweza kuvuta maji tumboni na kuongeza kuharisha.

Wakati wa Ramadhani kuna mtindo unaoonekana sana: mtu amefunga, amefuturu kwa wingi, amekwenda Tarawehe kwenye msikiti uliojaa joto, na anapoinuka kutoka sijda anayumba. Mambo matatu yamekutana. Maji hayajarudi mwilini, damu imekimbilia tumboni kusaga chakula, na joto limepanua mishipa. Afuturu kwa kiasi kidogo, akamilishe mlo baada ya sala, agawe maji kuanzia futari hadi daku badala ya kuyabugia yote mara moja. Anayetumia dawa ya kukojoza aonane na daktari kabla ya mwezi kuandama ili muda na kipimo cha dawa vipangwe upya.

Damu imepungua

Hapa presha inaweza isishuke sana. Kinachoonekana ni mapigo kwenda mbio, kuchoka kwa kupanda ngazi, viganja na ndani ya kope za macho kupauka. Pima wingi wa damu. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, upungufu ni chini ya gramu 13 kwa desilita kwa mwanamume, chini ya 12 kwa mwanamke, na chini ya 11 kwa mjamzito, hasa miezi mitatu ya mwanzo na ya mwisho.

Kujua kuwa damu ni kidogo ni nusu ya kazi, inakwenda wapi? Kwa wanawake anza na hedhi. Kubadilisha pedi iliyoloa kila saa moja au mbili, mabonge makubwa, au siku zaidi ya 7, ni hedhi nzito hata kama mama na dada zake wote wako hivyo. Kwa wakulima na watoto wanaotembea peku, fikiria minyoo ya safura, ambayo hunyonya damu polepole miezi mingi. Malaria ya mara kwa mara, selimundu, na vidonda vya tumbo kwa wanaomeza diclofenac au ibuprofen kila siku kwa ajili ya mgongo navyo vina nafasi yao.

Vidonge vya madini ya chuma vimezwe na maji au juisi ya machungwa, na chai au kahawa ikae mbali navyo kwa saa moja hadi mbili, kwa kuwa huzuia chuma kufyonzwa. Vinageuza choo kuwa cheusi au kijani kibichi, na hilo lisikutishe. Cha kutisha ni kile cha lami kinachonata. Damu ikirudi kiwango chake, endelea na vidonge kwa miezi mingine 3 ili kujaza akiba.

Hapa pana jambo la kuangalia kwa makini. Juisi ya rozela, wengine huiita choya, na ile ya kiazisukari chekundu hunywewa sana kwa nia ya kuongeza damu. Zote mbili zimeonekana kushusha presha kidogo. Mtu anayeona giza akisimama kwa sababu presha inashuka, akanywa glasi kubwa kila siku akidhani ana damu pungufu, anaweza kujiongezea tatizo. Rangi nyekundu si kipimo. Pima damu kwanza.

Dawa: mahali pa kutazama kabla ya kutafuta ugonjwa mpya

Kwa aliyevuka miaka 60, mwage mfuko mzima wa dawa mezani. Si orodha anayoikumbuka, ni mfuko wenyewe, pamoja na zile za duka la dawa na za jirani. Yafuatayo ndiyo makundi yenye hatia ya mara kwa mara:

Dawa za kukojoza: hydrochlorothiazide, bendroflumethiazide, furosemide. Huondoa maji na chumvi. Mgonjwa akipata kuharisha na akaendelea kuzimeza, anaweza kuanguka ndani ya siku mbili. Muulize daktari mapema: nikiharisha au kutapika, nisimamishe ipi na kwa muda gani?

Nyingine za presha: nifedipine, amlodipine, captopril, enalapril, losartan, methyldopa, hydralazine. Tazama hasa tembe mbili zenye majina tofauti ya biashara na dawa ile ile ndani. Hutokea mtu akihudumiwa vituo viwili: huku amepewa losartan peke yake, kule amepewa losartan iliyochanganywa na hydrochlorothiazide, naye anameza zote. Soma jina dogo chini ya jina kubwa.

Dawa za tezi dume: prazosin, doxazosin, tamsulosin. Kidonge cha kwanza ndicho hatari zaidi, pamoja na kile cha kwanza baada ya kuacha siku kadhaa. Meza wakati wa kulala, na usiku huo uamkie mkojo kwa uangalifu.

Dawa za akili, usingizi na maumivu: amitriptyline (ambayo wengi hupewa kwa ganzi za miguu, wala si kwa huzuni), chlorpromazine, tramadol. Levodopa ya ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa mwili, iko humu pia.

Dawa za nguvu za kiume, kama sildenafil, hulegeza mishipa mwili mzima. Zikikutana na dawa za moyo za jamii ya nitrate, mfano isosorbide au kile cha kuweka chini ya ulimi, presha inaweza kuporomoka hadi kuua. Wanaume hawasemi wanazitumia. Anayehudumia aulize waziwazi, bila mkewe wala watoto kuwapo.

Halafu lipo kosa kubwa kuliko yote: kuacha dawa za presha kwa sababu ya kizunguzungu. Presha ikirudi juu, kiharusi hakitoi taarifa. Nenda na namba zako za kulala na kusimama. Zikiandikwa kwa siku 5, daktari ataona kama apunguze kipimo, abadili dawa, au ahamishe muda wa kumeza. Mara nyingi kutenganisha vidonge vitatu vilivyokuwa vikimezwa kwa pamoja saa moja asubuhi kunatosha.

Mishipa ya fahamu

Kisukari cha miaka mingi ndicho kinachoongoza. Mapigo hayapandi, na ukiuliza zaidi utasikia mengine: miguu haitoi jasho, tumbo hujaa upesi baada ya kula tonge chache, haja kubwa ni ngumu, nguvu za kiume zimepotea. Parkinson hufanya hivyo, na upungufu wa vitamini B12 pia. Anayetumia metformin miaka mingi apimwe B12, kwa kuwa dawa hiyo huipunguza mwilini.

Wagonjwa hawa wana mtego wao: presha ya juu wakiwa wamelala, ya chini wakisimama. Amelala ni 175, amesimama ni 108. Akipimwa kitandani wodini anaongezewa dawa. Akirudi nyumbani anaanguka bafuni na kuvunjika nyonga. Kwa mtu kama huyu mchana asilale chali, aketi na kuegemea. Usiku inua kichwa cha kitanda kwa kuweka matofali au vipande vya mbao vya sentimita 15 hadi 20 chini ya miguu miwili ya upande wa kichwani. Kitanda chote kiinamie. Kurundika mito hakufai, kwa kuwa kunakunja shingo tu na kiwiliwili kinabaki bapa. Mwinuko huo hupunguza mkojo wa usiku, na hivyo maji ya kuamkia nayo yanabaki.

Maji kwao hufanya kazi kama dawa. Nusu lita ya maji ya kawaida, ikinywewa ndani ya dakika 3 hadi 5, huanza kupandisha presha baada ya dakika chache na nguvu yake hufika kileleni karibu nusu saa. Chupa ikae kando ya kitanda, inywewe kabla ya kuinuka. Tumbo lifungwe kwa mkanda mpana wenye mpira, ufungwe bado amelala, ufunguliwe akirudi kulala. Usipopatikana, mkaja wa kanga uliokazwa kiasi unaweza kufaa, mradi apumue na kuketi bila shida. Soksi za kubana zifike mapajani au kiunoni, kwa sababu zinazoishia chini ya goti huacha wazi mapaja na tumbo, palipo na damu nyingi. Asiyekuwa na presha ya kupanda, ugonjwa wa moyo au wa figo anaweza kuruhusiwa na daktari kuongeza chumvi hadi gramu 6 mpaka 10 kwa siku. Milo iwe midogo na mingi. Sahani ya ugali iliyojaa hushusha presha ndani ya saa mbili zinazofuata.

Haya yasipotosha, zipo dawa. Fludrocortisone huanza kwa miligramu 0.1 asubuhi, na miguu kuvimba na potasiamu kushuka ndiyo mambo ya kufuatilia. Midodrine hutolewa mchana tu, dozi ya mwisho ikiwa angalau saa 4 kabla ya kulala, kwa sababu akilala nayo presha itapanda mno.

Vyanzo vichache vya kutosahau

Ujauzito hushusha presha katika miezi ya katikati, na hilo peke yake ni la kawaida. Mimba ikiwa kubwa, kizunguzungu cha kulala chali hutokana na mfuko wa uzazi kukandamiza mshipa mkubwa wa damu. Alalie ubavu wa kushoto.

Aliyetumia prednisolone kwa wiki nyingi, kwa pumu au viungo, kisha akaacha ghafla, anaweza kukosa homoni ya tezi zilizo juu ya figo. Kifua kikuu nacho huweza kuziharibu tezi hizo. Tezi zenyewe zikiharibika, mgonjwa anakonda, anatamani chumvi, ufizi na mistari ya viganja vinakuwa vyeusi zaidi. Wote hawa ni wa hospitali, tena mapema.

Moyo: kila aliyezirai apigwe ECG, kipimo cha umeme wa moyo, hata kama sababu nyingine inaonekana wazi.

Namna ya kuinuka, na cha kufanya giza likianza

Ukiwa bado umelala, vuta vidole vya miguu juu na chini mara 20, kunja ngumi na kukunjua. Geukia ubavu, keti ukingoni mwa kitanda dakika 1 hadi 2, miguu chini. Simama ukishika kitu, hesabu hadi 30 kabla ya hatua ya kwanza. Wanaoanguka, wengi huanguka ndani ya hatua zile za mwanzo wakikimbilia simu au mlango.

Giza likianza ukiwa umesimama, pishanisha miguu kama mkasi, kaza mapaja, makalio na tumbo kwa nguvu zote, shika mkono mmoja kwa mwingine na kuvutanisha bila kuachia. Endelea angalau nusu dakika, huku ukipumua kawaida. Ukizuia pumzi utaharibu. Bado linazidi? Chuchumaa au keti chini pale pale. Vumbi la nguo linafutika.

Choo cha shimo kinastahili bomba au mti imara ukutani, usawa wa kiuno cha anayechuchumaa, maana kutoka mkao huo presha hushuka haraka kuliko kutoka kitini. Mwanaume anayeamka usiku akojoe ameketi au amechuchumaa, kisha ainuke taratibu. Weka taa, na mlango usifungwe kwa komeo la ndani ikiwa mtu amewahi kuanguka humo.

Aliyezirai alazwe, miguu iinuliwe, nguo za shingoni na kiunoni zilegezwe. Usimwinue kumketisha, usimmiminie maji mdomoni. Wengi huzinduka ndani ya dakika moja au mbili. Mwache alale dakika nyingine 10, aketi, ndipo asimame. Asipozinduka baada ya dakika chache, au akizinduka akiwa amechanganyikiwa, au degedege likiendelea, ita msaada umpeleke hospitali, na umweleze daktari alikuwa anafanya nini sekunde chache kabla ya kuanguka, alikuwa na rangi gani usoni, na alikaa muda gani bila fahamu.